Kuweka nukta za data juu ya picha: maana yake nini hasa?

Watu wanadhani kuweka nukta juu ya picha ni kubandika tu, unatandika ramani ya Pemba chini, unamwaga data zako juu, khalas. Kumbe kubandika ndo kazi ndogo kabisa. Kazi ni kuiambia picha wapi ilipo duniani, maana picha yenyewe haijijui, inachojua ni pikseli, vile vidoto vya rangi vinavyoiunda, inaanza kuhesabu 0 kona ya juu kushoto na inashuka chini. Data zako nazo zina hesabu yao, tuseme ni orodha ya visima, kisima cha Chake Chake kiko longitudo 39.77 na latitudo -5.25. Ukizimwaga hivyo hivyo kwenye picha ya pikseli 1200 kwa 2000 basi Chake, Wete na Mkoani zote zinarundikana kikona kimoja kule juu kama sisimizi walioona sukari.

Kwenye lugha ya programu ya Python wengi tunatumia Matplotlib, maktaba ya kuchorea, picha unaiita kwa imshow na nukta kwa scatter. Siri yote iko kwenye extent, sehemu ya imshow inayotaja kingo za picha, namba nne tu: kushoto, kulia, chini, juu. Kama ramani yako ya Pemba imekatwa kwenye digrii hizi, utaandika 39.5, 39.9, -5.6, -4.8 kwa mpangilio huo huo, na hizo ni kingo za PICHA sio kingo za kisiwa! Mie hapa ndo niliumia, nikaweka latitudo ya Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa, kuwa ndo juu, wakati picha ilikuwa inaendelea na bahari huko kaskazini, kisima cha Makangale kikaogelea baharini na mie usiku mzima naikagua data ambayo haina kosa lolote.

Na alama ya kutoa usiidharau. Ukiisahau, Chake yako inahamia kusini mwa Ethiopia. Ukigeuza ukatanguliza latitudo, kwa vile mdomoni tumezoea kusema latitudo kwanza, basi umefika Uhispania bila viza. Longitudo ndo x, inatangulia.

Nani awe juu ya nani? Matplotlib inaweka picha chini ya nukta hata ukiichora mwisho, kwa hiyo hilo lisikusumbue, ila picha ikiwa na rangi kali ipunguze kwa alpha, kipimo cha uangavu, 0.5 hivi, nukta zionekane. Kuvutika kwa picha nako kwetu hakuna shida kubwa, tuko karibu na ikweta, digrii moja ya longitudo na ya latitudo zinakaribia kulingana kwa urefu, walioko Ulaya ndo wana kazi hapo.

Sasa ukitumia picha za droni, kama zile za mradi wa Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ulioanza 2016, kingo usizikisie kabisa, faili la GeoTIFF, yaani picha inayobeba mahali pake duniani, limezibeba ndani, zisome kwa maktaba ya rasterio. Ila angalia, mara nyingi zimo kwa mita, mfumo wa UTM unaoigawa dunia kwa kanda, kwetu kanda ya 37 kusini, huko Chake inasomeka mashariki 585,000 na ushei, ukiipelekea 39.77 haitakuelewa, kwa hiyo geuza nukta zako kwanza ziwe za mita kwa maktaba ya pyproj ndo uchore.