Babu “alifia baharini”: mbona mnamuua mapema?

Kazi yangu ni kufuatilia nasaba, na wiki hii nimeisikia tena: “Babu wa mume wangu alikuwa mfungwa, Waingereza wakampakia melini kwenda Australia, akafia njiani, ndiyo maana hana rekodi.” Nauliza meli gani, kimya. Nauliza hao wajukuu waliozaliwa Hobart, kisiwani Tasmania, Australia, walitoka wapi, simu inakatika.

Uvumi huu una chanzo. Mwaka 1790 msafara wa pili wa meli za wafungwa kwenda Australia ulibeba wafungwa wapatao 1,000, na karibu robo yao hawakufika. Wenye meli walilipwa kwa kila kichwa kilichopanda, si kilichoshuka, kwa hiyo chakula kilibaniwa. Lakini usafirishaji uliendelea hadi 1868, watu kama 162,000. Baada ya 1815 kila meli ya wafungwa ilipewa daktari msimamizi, na vifo vikashuka hadi kama mtu mmoja katika kila 100. Babu yako aliyesafiri 1840 unamzika na wa 1790 kwa nini?

Tena huyo daktari aliandika. Madaftari yaliyosalia yako Kew, London, kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka za Uingereza, katika fungu la ADM 101. Ndani yake utakuta orodha ya wagonjwa: jina, umri, ugonjwa, siku aliyolazwa, siku aliyopona au kufa. Kuhara, kiseyeye, homa. Mwishoni pana jedwali la hesabu ya safari nzima. Usipomwona babu humo, usianze matanga. Pengine hakuugua hata siku moja.

Ndiyo maana nakariri hadi nachosha watu: anza na jina la meli na mwaka. Tasmania ya wakati ule ilijaa kina John Smith, na makarani waliwatofautisha kwa meli.

“Hati ya kifo itasema aliugua nini.” Hati ipi? Usajili wa serikali ulianza Tasmania mwaka 1838, New South Wales 1856. Kabla ya hapo kuna rejista ya mazishi ya kanisa, na mara nyingi haitaji ugonjwa. Hata ukiupata, usiusome kwa macho ya leo. “Kudhoofika” mara nyingi ni kifua kikuu, na “kudra ya Mungu” katika uchunguzi wa kifo maana yake alianguka ghafla, wasione jeraha.

“Kitabu chake cha mwenendo hakitaji kifo, basi kilifichwa.” Hapana. Hicho ni kitabu cha serikali cha tabia na adhabu za mfungwa. Kifungo kikiisha, karani hana tena haja naye. Mtafute kwenye rejista za raia, na kama alizeeka bila jamaa, kwenye nyumba za wasiojiweza. Hata Port Arthur, gereza la Tasmania, hadi lilipofungwa 1877, lilikuwa limejaa wazee wa namna hiyo.

Na kaburi? Kisiwa cha Wafu, mbele ya Port Arthur, kina maziko yapatayo 1,000. Mengi ya mawe yenye majina ni ya askari na raia huru. Msikate tiketi ya ndege kwa ajili ya kupiga picha na jiwe la babu.