Kijarida cha Mashabiki: Yanayosemwa Kijiweni na Yaliyo Kweli

Mwaka 1986 ulikuwa na mambo mawili ya soka ambayo hayakujuana. Mwezi Machi, huko London, Mike Ticher na Andy Lyons walitoa toleo la kwanza la When Saturday Comes, kijarida cha mashabiki kilichokusudiwa wapenzi wa timu zote bila kubagua; na mwaka huohuo, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara. Kijarida kile kinachapishwa hadi leo. Habari za Tukuyu Stars kwa sehemu kubwa zimebaki vinywani mwa wazee, na kila mzee anazo kwa namna yake. Ninaandika haya kwa sababu kila ninapotaja vijarida vya mashabiki kwenye vijiwe vya kahawa vya Mwanjelwa au Soweto, hapa Mbeya, hujibiwa kwa uhakika mkubwa na watu ambao hawajawahi kukishika hata kimoja.

Jibu linalotangulia ni kwamba hilo ni gazeti la klabu. Sivyo. Klabu za Uingereza zina kitabu chao cha mechi, chenye salamu za mwenyekiti, orodha ya vikosi na matangazo ya wadhamini. Kijarida cha mashabiki huandikwa, huchapwa na kuuzwa nje ya geti na watu waliolipa kiingilio kama wengine, na mwenyekiti akionekana humo basi mara nyingi amechorwa katuni. Hakuna afisa habari wa kuombwa ruhusa, wala mshahara wa kukatwa mwandishi akisema kwamba usajili wa dirisha dogo ulikuwa wa hovyo. Hapo ndipo ilipo tofauti, na watu wengi huipita kwa sababu wamezoea kuona maandishi yoyote yenye nembo ya timu kuwa ni ya timu.

Wengine husema ni mchezo ulioanzia kwenye soka. Neno lenyewe la Kiingereza, fanzine, lilibuniwa mwaka 1940 na Mmarekani Louis Russell Chauvenet, mpenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi, ambazo wapenzi wake walikuwa wakitoa vijarida vyao tangu mwaka 1930. Baadaye wapenzi wa muziki wa panki walionyesha, kupitia Sniffin' Glue ya mwaka 1976, kwamba mtu mwenye taipureta na mashine ya kutoa kopi hahitaji kumsubiri mchapishaji. Soka ilikuwa imeonja jambo hilo mapema kidogo kupitia Foul, iliyoanzishwa na wanafunzi wa Cambridge mwaka 1972 ikadumu hadi 1976, lakini wimbi lenyewe lilikuja katika miaka ya 1980.

Dhana iliyokomaa kuliko zote, na inayoniudhi kuliko zote, ni kwamba vijarida hivyo vilikuwa sauti ya wahuni wa viwanjani. Ni lazima turudi mwaka 1985. Tarehe 11 Mei moto uliteketeza jukwaa la uwanja wa Bradford City na watu 56 wakafariki. Tarehe 29 Mei, kwenye uwanja wa Heysel mjini Brussels, wakafariki 39 kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus. Katikati ya misiba hiyo miwili gazeti moja kubwa la London liliandika kwamba mpira ni mchezo wa watu wa mabanda, unaochezwa katika viwanja vya mabanda. Serikali ya Margaret Thatcher nayo iliona dawa ni kumtaka kila mtazamaji awe na kitambulisho maalumu, mpango ulioingizwa katika sheria ya mwaka 1989. Waandishi wa vijarida walikuwa miongoni mwa waliopinga kwa sauti kubwa, nao hawakuwa wakitetea ngumi. Walikuwa wakiuliza maswali ya mtu anayesimama jukwaani: kwa nini uzio umejengwa kama wa zizi, kwa nini milango ya kutokea imefungwa, kwa nini choo kiko hivi, kwa nini askari anamwona kila aliyevaa skafu kuwa mshukiwa. Tarehe 15 Aprili 1989, kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio wa aina hiyo, na idadi ya waliokufa ikafikia 97. Ripoti ya Jaji Taylor kuhusu maafa hayo, ya Januari 1990, iliukataa mpango wa vitambulisho, na serikali ikauweka kando.

Kuhusu wabaguzi pia kuna la kusema. Mjini Leeds, ambako watu wa chama cha kibaguzi walikuwa wakiuza gazeti lao nje ya uwanja wa Elland Road, kundi la mashabiki lilitoa kijarida kilichoitwa Marching Altogether ili kuwapinga palepale walipokuwa wakisimama. Ujerumani, mashabiki wa Schalke wanaopinga ubaguzi wana Schalke Unser tangu mwaka 1994. Kwa hiyo anayesema kwamba vijarida hivi ni matusi kwa wapinzani na basi, amesoma kimoja kibaya, navyo vibaya vipo, au hajasoma chochote.

Kisha kuna wanaosema kwamba haya ni mambo ya klabu kubwa zenye mashabiki mamilioni, na hapa nawaomba wasomaji wa Mbeya, Iringa na Njombe tuketi kidogo. Kijarida cha klabu kinachohesabiwa kuwa kimeishi muda mrefu kuliko vyote Uingereza ni The City Gent, na si cha Manchester wala London. Ni cha Bradford City, klabu iliyokuwa imenusurika kufilisika mwaka 1983, na kilianza Novemba 1984. Sababu inaeleweka: gazeti la taifa linalotoka mji mkubwa huzijaza kurasa zake na timu mbili tatu, na timu ya mkoani hupewa mistari minne, mmoja ukiwa wa matokeo. Nadhani sisi tunaijua hali hiyo bila kufundishwa. Mbeya City ilipomaliza ya tatu msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, tulisoma mengi kuhusu vigogo waliokwazwa nayo na machache kuhusu watu waliojaza mzunguko wa uwanja wa Sokoine wakiwa wamevaa zambarau.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Charlton Athletic. Mwaka 1985 klabu hiyo iliuhama uwanja wake, The Valley, ikaenda kupanga kwa jirani. Mwaka 1988 Rick Everitt akaanzisha Voice of The Valley, kijarida kilichokuwa na ajenda moja tu, kurudi nyumbani. Halmashauri ilipokataa mpango wa kuukarabati uwanja, mashabiki waliunda chama na kuingia katika uchaguzi wa udiwani wa Mei 1990, wakapata kura 14,838. Hawakushinda kiti. Hata hivyo, tarehe 5 Desemba 1992 timu ilicheza tena The Valley.

Kwamba intaneti imeviua ni kweli nusu. Vingi vimekufa, kikiwamo Red Issue cha mashabiki wa Manchester United, kilichofungwa mwaka 2015. Vilivyobaki vimebaki kwa sababu havishindani na simu katika kutoa matokeo.

Dhana ya mwisho niliibeba mimi mwenyewe: kwamba karatasi chache zilizobanwa kwa stepla hazihusiani na sheria. Miaka kadhaa iliyopita, mimi na wenzangu wawili tulichukua karatasi mbili za A4, tukachapa pande zote na kuzikunja katikati, tukapata kurasa nane. Tulitoa nakala 60 kwenye steshenari moja ya Kabwe, mashine ikapaka wino ukurasa wa tano wote, tukauza hivyohivyo kwa bei ya kopi. Nakala zilipokwisha ndipo mtu alipotueleza kwamba Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inalitaka gazeti liwe na leseni, na kwamba anayekusudia kutoa toleo baada ya toleo aanzie Idara ya Habari, Maelezo. Toleo la pili halikutoka.

Siku ya kuuza, mzee mmoja aliyevaa koti zito, kwa maana ilikuwa Julai na baridi ya mlima Loleza haina mzaha, aliligeuzageuza lile karatasi akaniuliza, “Mwanangu, hii imetoka klabuni?”

“Hapana, mzee wangu, tumeandika wenyewe.”

“Basi nipe.”

Mechi iliyofuata alinitafuta mpaka akanipata. Alikuwa ameisoma makala yetu ya Tukuyu Stars akiwa na kalamu nyekundu, na pembezoni mwa ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wa shule za zamani, alikuwa amesahihisha kikosi, akafuta mfungaji wetu, akaandika wake, na chini akaongeza neno moja: “Nilikuwepo.” Nakala hiyo ninayo.