Je, wajua kwa nini gereza la kwanza la CCA (Corrections Corporation of America), kampuni ya Marekani inayoendesha magereza kwa faida, lilikuwa moteli?

Wengi huamini magereza binafsi ya Marekani yalibuniwa na wafanyabiashara wasioijua jela. Sivyo. Kati ya watu watatu walioanzisha CCA mwaka 1983 huko Nashville, Tennessee, T. Don Hutto alikuwa mtu wa Magereza hasa: mkuu wa gereza Texas, kisha kiongozi wa idara nzima Arkansas, halafu Virginia. Jina lake limo hata katika kesi mashuhuri ya Hutto dhidi ya Finney. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu iliafiki amri kwamba mfungwa wa Arkansas asikae seli ya adhabu zaidi ya siku 30. Seli hizo hazikuwa na dirisha, zilikuwa futi 8 kwa 10, na kwa wastani watu wanne walilundikwa humo, pengine 10 au 11. Haki isemwe: mashtaka yalianza 1969, kabla Hutto hajafika Arkansas.

Basi moteli iliingiaje? CCA ilipata mkataba wa kushikilia wahamiaji mjini Houston kabla haijawa na jengo. Januari 1984 ikakodi Olympic Motel, ikaizungushia uzio, na Hutto mwenyewe akawa miongoni mwa waliowapokea mahabusu wa kwanza.

Serikali hulipa kwa kila kichwa, kwa kila siku, na hapo ndipo penye kiini cha biashara yote. Fikiria daladala. Dereva, konda na mafuta ni gharama ileile liwe limejaa au liko nusu, kwa hiyo faida inatoka kwenye siti za mwisho. Gerezani nako umeme na askari wa zamu hulipiwa hata kitanda kikiwa kitupu. Ndiyo maana baadhi ya mikataba huilazimu serikali kulipia idadi fulani ya vitanda, vyenye watu au visivyo na watu.

Je, serikali huokoa fedha? Tafiti zinapingana, maana jela inayopokea wafungwa wenye afya hailinganishwi kirahisi na yenye wagonjwa. Wala magereza haya hayashiki wafungwa wengi wa Marekani kama inavyodhaniwa. Ni takriban asilimia 8 tu. Kwa wahamiaji mambo ni tofauti kabisa: wengi wao huzuiliwa kwenye vituo vinavyoendeshwa na kampuni.

Kimoja kiko Taylor, Texas, na kilipewa jina la Hutto. Kuanzia 2006 kilishikilia familia pamoja na watoto wao, hadi serikali ilipositisha hilo mwaka 2009 na kukiacha kwa wanawake.