Mhusika mwovu si lazima awasaliti wenzake

Wachezaji wengi wa Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, wanaamini kwamba ukichagua mhusika mwovu, sharti awaibie wenzake na mwishowe awachome kisu mgongoni. Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Wengi wamewahi kukaa na mtu aliyevuruga mchezo wa jioni nzima, kisha akajitetea: "Ndivyo mhusika wangu alivyo."

Kanuni zenyewe hazimlazimishi. Toleo la 1974 lilipanga wahusika katika pande tatu tu: utaratibu, vurugu na katikati. Misimamo tisa ya leo, inayochanganya pande hizo na wema au uovu wa mhusika, ilikuja baadaye. Fungua kitabu cha mchezaji cha mwaka 2014, sehemu ya misimamo, usome maelezo ya mwovu mwenye utaratibu: hujichukulia anachotaka, lakini ndani ya mipaka ya mila, uaminifu au mpangilio. Uaminifu umo humo humo!

Uovu unaeleza kwa nini mhusika anatenda, haumpangii la kutenda. Mchawi mkatili anaweza kumfunga jeraha mpiganaji wa kundi kwa sababu moja tu: bila ngao ile mbele, joka litamla yeye. Ubinafsi mtupu, na safari inaendelea.

Kabla hamjarusha dadu, muulize msimamizi wa mchezo kama waovu wanaruhusiwa, na wenzako kama wizi wa ndani kwa ndani watauvumilia. Wapo watakaokataa, na ni haki yao.