"Sijavuka Bajeti": Dhana Potofu Zinazoziumiza Huduma za Halmashauri

Nimeisikia tena. Safari hii ilitoka kwa mkuu wa idara kijana, mchapakazi, aliyesimama mbele ya kamati ya fedha na kusema kwa fahari: "Waheshimiwa, idara yangu imefunga mwaka bila kuvuka bajeti." Madiwani wakapiga meza. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, kabrasha mapajani, na nilijua kwamba gari la wagonjwa la kituo kimoja cha afya katika halmashauri hiyo lilikuwa limekaa juu ya mawe tangu Februari kwa kukosa matairi. Kwenye taarifa yake gari hilo halikutajwa popote.

Kazi yangu ni mipango na bajeti za serikali za mitaa, na kwa miaka mingi nimewafundisha wakuu wa idara na madiwani wetu wa Tanzania. Ziko dhana nyingi zinazonichosha, lakini hii ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa hiyo naanza nayo.

"Sijavuka bajeti, kwa hiyo nimebana matumizi"

Hapana. Tangu 1996 Serikali yetu inaendesha bajeti ya fedha taslimu: hakitumiki ila kilichokusanywa na kutolewa. Siku hizi malipo yanapita kwenye MUSE, mfumo wa kielektroniki wa ulipaji serikalini, na kasma, yaani fungu la matumizi ndani ya bajeti, isipokuwa na salio mfumo haukuruhusu kulipa, hata ungekuwa na dharura ya namna gani. Kutovuka bajeti, basi, ni kazi ya mfumo na hakuna mkuu wa idara anayestahili kupigiwa meza kwa hilo. Swali la kumuuliza ni hili: ulichopaswa kukilipa na hukukilipa, kiko wapi?

Mimi najua kilipo. Kiko kwenye droo. Katika halmashauri moja niliyoombwa kusaidia kufunga mwaka, mhasibu wa idara alivuta droo ya chini ya meza yake na kunitolea hati za madai zilizofungwa kwa mpira: mzabuni wa mchele na maharage wa shule ya bweni, kituo cha mafuta, fundi wa jokofu la chanjo, na walimu wanaodai nauli za likizo na fedha za uhamisho. Nyingine karatasi yake ilikuwa imeshageuka njano. Kwenye taarifa ya utekelezaji, kasma zote hizo zilionekana salama, asilimia 100 au pungufu kidogo. Idara ilikuwa imekopa kwa wafanyabiashara wadogo na kwa walimu wake wenyewe, bila mkataba na bila ridhaa yao, halafu ikauita mkopo huo nidhamu ya matumizi.

Na mkopo huo una riba hata kama hakuna aliyeiandika. Mzabuni anayejua kwamba atalipwa baada ya miezi minane anaweka miezi hiyo minane ndani ya bei. Ndiyo maana unakuta mchele wa shule una bei kubwa kuliko wa sokoni mtaa wa pili, na watu wanakimbilia kusema ni wizi. Wakati mwingine ni wizi kweli. Mara nyingi zaidi ni bei ya kusubiri. Kwa mkandarasi jambo liko wazi zaidi: kazi ikishathibitishwa na malipo yakachelewa kupita muda wa mkataba, anadai riba, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu amekuwa akiliandika hilo katika ripoti zake mwaka hadi mwaka.

Sasa, waheshimiwa madiwani, nawasihi kitu kimoja. Hesabu za halmashauri zinaandaliwa kwa IPSAS, viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, vinavyotaka deni liandikwe pale huduma ilipopokelewa, bila kusubiri siku litakapolipwa. Maana yake droo ile ina ukurasa wake. Taarifa ya utekelezaji wa bajeti haitakuonyesha. Fungua taarifa ya hali ya fedha, utafute mstari wa wadai, uulinganishe na wa mwaka jana. Wadai wakiwa wameongezeka huku kila idara ikisema haijavuka bajeti, umeshapata jibu lako kabla hujauliza swali.

Matengenezo ni droo ya pili, ila hii haina karatasi. Ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu tunachoruhusiwa kupanga, ukishuka, kasma ya kwanza kufyekwa ni ya matengenezo, kwa sababu bati haliandiki barua ya malalamiko. Gari la kufanyiwa huduma kila kilomita 5,000 linaachwa hadi 15,000. Oili inakuwa nzito kama lami, na siku injini inapokufa ndipo tunagundua kwamba "tulichookoa" ni oili na chujio. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walishasema wazee, na ukuta wenyewe unajengwa kwa fedha ya mwaka ujao, ambao bajeti yake mkuu wa idara huyo huyo ataapa kwamba hakuivuka.

Ushauri wangu, na wanaonifahamu wameshauchoka: kila Ijumaa mkuu wa idara akae nusu saa na mhasibu wake, waandike daftari moja lenye safu nne: tulichoagiza, tulichopokea, tulicholipa, tunachodaiwa. Hati ya ununuzi isiyotoka kwenye mfumo isiondoke ofisini, hata kama aliyeagiza ni bosi na ameagiza kwa simu. Madeni mengi niliyoyakuta yalizaliwa kwa simu.

"Fedha imetoka asilimia 100, kwa hiyo huduma ipo"

Hii ni ndugu ya ile ya kwanza. Chukua ruzuku ya uendeshaji ya shule za msingi. Kiwango chake ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango tulichokuwa nacho tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa 2002. Kati ya hizo, 6,000 ndizo zilizopangwa kufika shuleni. 4,000 ni za vitabu. Shule ya wanafunzi 600 ikipata kila senti inapata 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi, kwa chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, michezo na shughuli za ofisi. Fedha kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule ni hatua njema, na nimeiunga mkono tangu mwanzo. Lakini lengo la bajeti linaweza kutimia kikamilifu huku mwalimu mkuu akiandika mtihani ubaoni kwa sababu rimu zimeisha. Bei ya rimu ya 2002 na ya leo si kitu kimoja. Ukipima, pima rimu, pima dawa, pima siku ambazo gari lilikuwa barabarani.

"Bajeti imepitishwa, kwa hiyo fedha ipo"

Bajeti iliyopitishwa ni idhini ya kutumia, tena kwa sharti kwamba makusanyo yatapatikana. Mkuu wa idara anayesaini mkataba Agosti kwa kutegemea fedha ya robo ya nne anaweka rehani huduma nyingine zote. Panga kwa mtiririko wa fedha wa robo kwa robo, na ujue mapema kipi kitasubiri na kipi hakisubiri. Chanjo haisubiri.

"Tukifuta chai na semina, tumemaliza"

Ninakubali kufuta. Rais Magufuli alisitisha sherehe za Uhuru za Desemba 2015, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge; huo ulikuwa uamuzi wa maana kwa sababu fedha ilipewa kazi nyingine inayoonekana. Lakini bajeti ya Taifa ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35, na kati ya hizo trilioni 34.59 ni matumizi ya kawaida, ambayo sehemu yake kubwa ni deni la Serikali na mishahara. Chai haiwezi kubeba mzigo huo. Tena nimeona "semina" iliyofutwa ikiwa ni mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Soma kasma kabla ya kuifyeka.

"Watumishi wakipungua, gharama zimepungua"

Aprili 2017 watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Kuwaondoa kulikuwa halali na nisingeshauri vinginevyo. Ila mjamzito aliyefika zahanati na kukuta mlango umefungwa hakupunguziwa gharama yoyote. Alikodi bodaboda hadi kituo kinachofuata. Gharama iliondoka kwenye kitabu cha halmashauri ikahamia mfukoni mwake. Ukipunguza mtu, andika siku hiyo hiyo nani atafungua mlango kesho asubuhi.

"Juni imefika, tuimalize isirudi Hazina"

Ni kweli kwamba ikifika 30 Juni fedha isiyotumika hurudi Mfuko Mkuu wa Serikali. Lakini Sheria ya Bajeti ya 2015 imeweka njia: Afisa Masuuli, ambaye kwenye halmashauri ni mkurugenzi, anaomba kwa Mlipaji Mkuu wa Serikali kule Hazina fedha ya kazi inayoendelea ivuke mwaka, na anaomba kabla mwaka haujafungwa. Barua hiyo inahitaji mkataba, hatua ya kazi iliyofikiwa na kiasi kilichobaki, navyo havikusanywi kwa usiku mmoja. Anza kuiandaa mwanzoni mwa Mei. Ukisubiri hadi tarehe 29 Juni, utanunua saruji ambayo itaganda stoo mvua za vuli zikianza.