Yadaya ya Myanmar: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Myanmar ikitajwa tu kwenye habari, hazikosi hadithi za majenerali wanaoongoza nchi kwa kupiga ramli. Ndani ya hadithi hizo kuna yadaya: matendo ya kuepusha balaa ambayo mnajimu humwelekeza mtu ayafanye baada ya kuangalia nyota yake. Ni desturi ya watu wa kawaida kabla ya kuwa ya watawala, na inasikitisha kuona inavyosimuliwa kana kwamba ni wazimu wa ikulu.

Dhana: Yadaya ni ulozi.

Sivyo. Mara nyingi mtu huambiwa aachie samaki mtoni au ndege waliofungiwa tunduni, apande mti, aweke idadi fulani ya maua mbele ya sanamu ya Buddha, au asaidie kutengeneza daraja bovu la kijijini. Msomaji wa pwani atalitambua wazo hili upesi, maana ni jamaa wa kafara: unatoa kitu ili nuksi ikupitie mbali. Waburma, yaani wenyeji wa Myanmar, wanaoogopa kulogwa wapo, ila kinga ya ulozi ina waganga wake. Nao nat, mizimu mikuu 37 inayoheshimiwa nchini humo, wana makuhani wao na ngoma zao. Mnajimu wa yadaya hapandishi mizimu. Kazi yake ni hesabu.

Hesabu yenyewe huanzia siku ya kuzaliwa, na wiki ya mnajimu wa Kiburma ina siku nane. Jumatano hukatwa mara mbili: asubuhi ni ya ndovu mwenye pembe, na kuanzia mchana ni ya ndovu asiye na pembe, chini ya Rahu, sayari isiyoonekana ya wanajimu. Kila siku ina sayari yake, mnyama wake, upande wake wa dunia na herufi zake, na kwa desturi jina la mtoto huanza na herufi za siku yake. Kwenye Shwedagon, pagoda (mnara mtakatifu wa Kibuddha) ya jiji la Yangon, siku hizo zimepewa vituo kuizunguka. Aliyezaliwa Jumatatu huenda upande wa mashariki, penye chui milia, akaimwagia maji sanamu ya Buddha, mara nyingi vikombe sawa na umri wake na kimoja cha ziada. Balaa ikitabiriwa, mnajimu hutumia herufi, idadi na pande hizo hizo kupanga kitakachotolewa, wapi na saa ngapi.

Dhana: Ni mafundisho ya Buddha.

Hufanyika pagodani, na wapo watawa wanaoagua, lakini maandiko yanasema vingine. Hotuba ya Brahmajala, ya kwanza katika mkusanyo wa Digha Nikaya, inataja kusoma viganja, ndoto na mienendo ya nyota miongoni mwa kazi ambazo mtawa hapaswi kujipatia riziki kwazo. Kwa mafundisho hayo, linalompata mtu hutokana na matendo yake. Waumini wengi hupatanisha mambo kwa kusema kwamba yadaya nayo ni tendo jema, kwa hiyo huongeza stahili, yaani thawabu ya matendo mema.

Dhana: Uamuzi wa ajabu wa majenerali ulikuwa yadaya tu.

Hapa ndipo upotoshaji unapoumiza. Tarehe 5 Septemba 1987, serikali ya Ne Win, jenerali aliyeitawala nchi, ilifuta noti za kyat (sarafu ya nchi hiyo) 25, 35 na 75 bila onyo wala fidia. Siku chache baadaye zikatoka za 45 na 90, namba zinazogawanyika kwa tisa, na tangu hapo dunia inasimulia habari ya mtawala aliyependa tisa. Huenda kweli aliipenda. Lakini serikali hiyo hiyo ilifuta noti za 50 na 100 mwaka 1964, kisha za 50 na 100 tena mwaka 1985, ikipambana na biashara ya magendo iliyostawi chini ya sera zake yenyewe. Namba tisa inaweza kueleza kwa nini noti mpya ilikuwa ya 45. Haielezi kwa nini akiba za watu zilifutwa. Wanafunzi walioachwa bila ada waliandamana mwezi ule ule, na Desemba nchi ikaingizwa kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi maskini zaidi. Ukimtupia mnajimu lawama ya hilo, aliyetia saini anasalimika.

Kuhusu magari kuhamishiwa upande wa kulia mwaka 1970, wengine husema ni agizo la mnajimu, wengine ni kujitenga na urithi wa Mwingereza. Tetesi hizo zina matoleo mengi mno kusimuliwa kama historia.

Unajimu katika siasa ulikuwepo, tena mchana kweupe. Uhuru ulitangazwa tarehe 4 Januari 1948 saa 10:20 alfajiri, kwa sababu wanajimu waliichagua saa hiyo. Raia waliikubali bila kushangaa, kama wanavyotafuta saa njema ya harusi.

Dhana: Kila imani iliyoonekana mwaka 2021 ilikuwa yadaya.

Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Februari 1 mwaka huo, watu walipiga sufuria kila jioni majumbani mwao. Hiyo ni desturi ya kufukuza pepo wabaya, haihitaji mnajimu wala siku ya kuzaliwa. Wanawake nao walitundika htamein, nguo zao za kujifunga kiunoni, kwenye kamba zilizovuka barabara. Hapo waliikamata imani nyingine, ya hpon, utukufu wa mwanamume unaosemekana kupungua akipita chini ya nguo hizo. Askari walisimama kuziangua kwanza, na waandamanaji wakapata muda wa kukimbia.