Usafi wa kinywa kabla ya mswaki wa dukani: maswali na majibu

Wazee wa Tabora na Ujiji walisafisha meno kwa kutumia nini?

Walitumia kijiti. Neno mswaki, ambalo leo tunalitumia hata kwa kifaa cha plastiki, lina asili ya Kiarabu, na mti uliozoeleka zaidi kwa kazi hiyo, Salvadora persica, nao huitwa mswaki. Kwa Waislamu wa miji hii miwili, iliyokuwa vituo vikubwa vya misafara katika karne ya 19, kuutumia ni sunna. Panapokosekana mti huo, kijiti cha mwarobaini hufaa: ncha hutafunwa mpaka ichambuke nyuzi, kisha husuguliwa menoni. Wengine walisugua kwa kidole kilichochovywa katika chumvi au unga wa mkaa, na chumvi haikuwa ngeni upande huu, kwa kuwa ile ya Uvinza iliuzwa mbali tangu kabla ya ukoloni.

Je, kijiti kilisafisha kweli?

Ndiyo, kwa sababu kinachoondoa ukoga ni kusugua, na nyuzi za kijiti husugua vizuri. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mahali ambapo ni desturi. Kasoro yake ni kwamba hakifiki kwa urahisi nyuma ya magego wala upande wa ulimi, na anayekibana kwa nguvu huumiza ufizi.

Na mkaa?

Uacheni. Hung'arisha kwa kukwangua, na tabaka gumu la nje la jino likishalika halioti tena.

Mbona babu alizeeka na meno yake yote?

Swali hili ndilo linalopotosha wengi, kwani sifa hupewa kijiti au mkaa ilhali sehemu kubwa ya jibu imo katika chakula. Bakteria walio katika ukoga hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi ndiyo inayotoboa jino. Anayekunywa chai ya sukari mara nne na soda mchana huwalisha kutwa nzima, jambo ambalo babu hakulifanya. Tabora, hata hivyo, ni nchi ya asali, na asali nayo huozesha meno, ingawa haikulambwa kila saa. Isitoshe, tunamkumbuka mzee mwenye meno thelathini na kumsahau jirani yake aliyebaki na mapengo.

Brashi na dawa ya meno zilikuja lini?

Wachina walikuwa na brashi za manyoya ya nguruwe katika karne ya 15. Mwingereza William Addis alianza kuziuza nchini Uingereza karibu mwaka 1780. Nailoni ikachukua nafasi ya manyoya mwaka 1938. Dawa yenye floraidi ilienea Marekani kuanzia miaka ya 1950, na hapo ndipo palipopatikana kitu ambacho kijiti hakina cha kutosha: madini yanayoliimarisha jino dhidi ya asidi.

Naweza kuendelea na kijiti?

Unaweza, ukiongeza dawa yenye floraidi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, asubuhi na kabla ya kulala, kisha uteme bila kusukutua. Kata ncha iliyochakaa kila siku. Usikate kijiti cha mti usioujua, na usiguse kabisa ua wa minyaa, kwani utomvu wake huunguza kinywa na macho.